Tuisheni za hapa Mbeya, hii okteti yenu, ya kila atomu kuzungukwa na elektroni nane za nje, ni kanuni au dini?

Wakuu, nina hasira. Mpwa wangu yuko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia, biolojia), na likizo hii tumemlipia tuisheni pale Mwanjelwa. Jana karudi na karatasi ya jaribio. Swali: chora boroni trifloridi. Binti kachora vizuri tu, boroni katikati, florini tatu pembeni, boroni ina elektroni sita. Mwalimu kapiga eksi nyekundu, akaongeza bondi ya pili kwenye florini moja, kando kaandika "LAZIMA ZITIMIE NANE".

Lazima ya wapi hiyo?

Hebu utazameni huo mchoro wake. Ili boroni ifikishe nane, florini inabidi itoe jozi yake ya elektroni, yenyewe ibaki na chaji chanya. Florini! Elektronegativiti yake, yaani nguvu ya kuvuta elektroni za bondi, ni 3.98 kwenye kipimo cha Pauling, hakuna elementi inayoifikia, eti inaigawia boroni yenye 2.04. Fisi kageuka mgawa nyama. Na boroni kweli ina upungufu: ikikutana na amonia inapokea jozi ya naitrojeni. Ingekuwa imeshiba, ingepokea ya nini?

Desa lao ndilo kichekesho. Mwanzoni limeandikwa "hakuna atomu inayozidi elektroni nane", kurasa chache mbele wamechora salfa heksafloridi, bondi sita, elektroni 12 zimeizunguka salfa. Aliyetoa kopi hakusoma? Gesi hiyo ipo, inatumika kwenye swichi za umeme mkubwa. Fosforasi pentakloridi nayo ina 10. Naitrojeni monoksidi ina elektroni 11 za nje, namba witiri, hata ukeshe hutazipanga kila atomu ipate nane.

Halafu ile ya elektronegativiti, "tofauti ikizidi 1.7 ni ioniki", yaani atomu moja inamnyang'anya mwenzake elektroni badala ya kushirikiana. Haidrojeni floridi: 3.98 toa 2.20, jibu 1.78. Ni ioniki hiyo? Boroni trifloridi yenyewe ni 1.94, na ni gesi, si kigumu kama chumvi!

Sina ugomvi na okteti, kwa kaboni na oksijeni inafanya kazi safi. Ugomvi wangu ni eksi. Nimempigia mwalimu, kanijibu: "Kaka, mimi nafundisha ya kufaulia." Haya, na binti sasa anafuta majibu sahihi kwa kumwogopa yeye.

Hela ya mwezi ujao silipi. Mwenye kumjua mwalimu wa kemia anayejielewa, kuanzia Soweto mpaka Uyole, anitumie ujumbe.