Mafunzo ya ramani za kidijitali: nianzie wapi?

Muulizaji: Ndugu zangu, nafanya kazi katika ofisi ya ardhi ya halmashauri moja mkoani Morogoro, ambako ramani nyingi bado ni za karatasi. Ningependa kujifunza mifumo ya taarifa za kijiografia bila kununua programu ghali. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Anza na QGIS, programu huria isiyolipiwa, yenye mwongozo wake wa mafunzo unaoambatana na mazoezi na data ya kujifunzia. Usikimbilie uchambuzi. Elewa kwanza mifumo ya majira ya nukta, yaani namna namba zinavyoonyesha mahali kitu kilipo duniani, kwa sababu ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960 ilhali simu hutumia WGS 84, na ukizichanganya pasipo kuzibadili, mpaka wa kiwanja utahama kwa mamia ya mita. Katika ofisi ya ardhi, hilo ni kesi.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila mwongozo pekee hautoshi. Mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na data yake imo katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Pakua kata unayoifahamu uifanyie mazoezi.

Muulizaji: Nashukuru. Je, kompyuta yenye memori ya gigabaiti 4 itafaa?

Jibu la kwanza: Kwa mipaka na barabara itafaa, lakini picha za setilaiti zikate kwanza zibaki na eneo unalolihitaji tu.