Grauti ya bafuni inatoka unga, silikoni imeota weusi: nianzie wapi?

Mpangaji_Sinza
Habari wakuu. Bafu lina tailizi za ukutani 20 kwa 30. Grauti, ile simenti ya kujaza mistari kati ya tailizi, chini ya shawa ukipitisha ukucha inatoka unga. Silikoni ya kona ya ukuta na sakafu imekuwa nyeusi, jiki haiitoi. Fundi anataka kupaka simenti nyeupe juu ya grauti ya zamani. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Ushauri tafadhali.

Fundi_Vigae
Mkuu, mzuie. Simenti ikipakwa juu juu haina pa kushika, itabanduka. Ya zamani ikwanguliwe hadi theluthi mbili ya unene wa tailizi, kwa kisu cha kukwangulia grauti. Grenda kwenye mstari wa milimita 3 itamega kingo.

Kabla ya kujaza, gonga kila tailizi kwa mpini wa bisibisi. Inayolia uwazi imeachia gundi. Ibandikwe upya, la sivyo itacheza na kupasua grauti mpya.

Toa vumbi, lowesha mistari bila kuacha maji yametuama. Nunua grauti isiyo na mchanga. Kilo 3 zinatosha mita 10 za mraba kwa tailizi zako. Changanya kwa kipimo cha kwenye mfuko, kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Iache dakika 5 hadi 10, koroga tena. Ikianza kukaza usiongeze maji! Hapo ndipo wengi wanapoharibu: rangi inatoka mabaka na grauti inabaki laini. Isukume kwa mwiko wa mpira, kwa mshazari. Robo saa baadaye futa kwa sponji iliyokamuliwa hasa.

Duka_Gerezani
Kona usijaze grauti. Ukuta na sakafu havichezi pamoja, itapasuka tu. Hapo ni silikoni, na ya zamani itoke yote kwa sababu mpya haishiki juu yake. Weusi umeshaingia ndani, ndiyo maana jiki haifiki. Futa kwa spiriti, subiri pakauke kabisa. Msimu wa masika washa feni usiku kucha. Bandika tepu ya karatasi pande mbili, weka silikoni ya bafuni yenye dawa ya ukungu, ilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni kabla haijaanza kukaza juu, vuta tepu silikoni ingali mbichi. Usioge humo kwa saa 24.

Mpangaji_Sinza
Asanteni. Ila kwa nini grauti iwe unga wakati nyumba haina miaka mingi?

Fundi_Vigae
Mnaondolea nini ile chumvi nyeupe?

Mpangaji_Sinza
Dawa ya choo, ile kali.

Fundi_Vigae
Basi ndiyo inayokula. Ile ni asidi, na asidi inayeyusha simenti. Hata siki, polepole. Tena usiikutanishe na jiki, inatoa gesi ya klorini, na bafu lenyewe dirisha dogo. Futa ukuta kwa kikwangulio cha mpira baada ya kuoga, chumvi haitapata pa kukaukia. Kama wenzako wa nyumbani hawataiacha dawa hiyo, weka grauti ya epoksi, ambayo si ya simenti. Bei yake iko juu na inakauka haraka, kwa hiyo tafuta fundi aliyeizoea.