Naomba ushauri: kukadiria kimo cha mtu kwa vipimo vya kichwa na uso

Jambo wandugu. Niko Bukavu, mwaka wa mwisho wa tiba, na kazi yangu ya kumaliza masomo ni kukadiria kimo cha mtu kwa vipimo vya kichwa na uso. Huku kwetu maiti huokotwa pengine haijakamilika, na mama mmoja anangoja kuambiwa kama ni mwanawe. Ndiyo maana kazi hii naipenda.

Najua mfupa wa paja ndio shahidi bora. Kanuni za kukadiria kimo za watafiti Trotter na Gleser za 1952 zilijengwa juu ya mifupa mirefu ya mikono na miguu, tena ya Wamarekani, si ya watu wa huku kwetu Kivu. Kichwa ni shahidi dhaifu: mtoto wa miaka sita kichwa chake kimekaribia cha mtu mzima, wakati miguu bado ina safari ndefu.

Nimepima wenzangu 40 waliokubali, wote asubuhi, kwa sababu jioni mtu hupungua kimo kidogo. Mzunguko wa kichwa, urefu toka katikati ya nyusi hadi kisogoni, upana wa mashavu, shina la pua hadi kidevuni.

Kinachonisumbua ni misuko. Utepe ukipita juu ya nywele zilizosukwa, mzunguko unaongezeka, na kumwambia dada afumue naona haya. Je, niuache mzunguko nitegemee uso peke yake? Na hesabu ya wanawake niitenge na ya wanaume hata kama watu ni wachache hivi? Aliyewahi kupima anisaidie, aksanti sana.