Slabu bapa na msingi wa jamvi: ETABS peke yake, ETABS pamoja na SAFE, au Prokon?

Nondo16
Wahandisi wenzangu, naomba ushauri wenu. Ninasanifu jengo la ghorofa saba jijini Dar es Salaam, lenye slabu bapa za milimita 220 zisizo na boriti za ndani, nguzo za milimita 400 kwa 400 zilizopangwa kila baada ya mita 6, ukuta wa lifti katikati, na msingi wa jamvi (slabu moja nene chini ya jengo zima) wa milimita 600 juu ya mchanga ambao ripoti ya udongo inauruhusu kubeba kN 150 kwa mita ya mraba. Ninalinganisha njia tatu za kutumia programu za kompyuta za hesabu za majengo, yaani ETABS, SAFE na Prokon: kuliingiza jengo zima pamoja na msingi wake katika ETABS, kuchambua fremu katika ETABS kisha kuhamishia slabu na msingi katika SAFE, au kusanifu kila slabu peke yake katika Prokon, kama zinavyofanya ofisi nyingi. Ni ipi ambayo mkaguzi ataweza kuifuatilia hatua kwa hatua?

Ramani_na_Zege
Mimi ningechukua njia ya pili, na sababu kubwa ni kubonyea kwa slabu. Tunapochambua fremu nzima kwa ajili ya upepo au tetemeko, tunapunguza ugumu wa slabu hadi 0.25 ya ule wa slabu isiyo na nyufa, kama ACI 318, kanuni ya Marekani ya zege, inavyoelekeza, ili nyufa zihesabiwe. Lakini kipunguzi hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kukadiria slabu itakavyobonyea baada ya miaka kadhaa ya kukaliwa. SAFE inaweza kuchambua slabu iliyokwisha kupata nyufa kwa kutumia nondo ulizoziweka, pamoja na kusinyaa kwa zege na tabia yake ya kuendelea kujipinda polepole chini ya mzigo wa kudumu. Kubonyea kwa muda mrefu mara nyingi hufika mara mbili hadi nne ya kule kwa mwanzo. Katika upana wa mita 6, kikomo cha upana kugawanya kwa 250 ni milimita 24, na slabu ya milimita 220 isiyo na boriti haina akiba kubwa.

Unapohamisha kutoka ETABS, zingatia kwamba utapewa machaguo matatu: mizigo ya sakafu hiyo tu, mizigo ya sakafu pamoja na inayotoka juu, au mizigo ya sakafu pamoja na mijongeo ya nguzo na kuta. Kwa msingi ni chaguo la pili. Kwa slabu za juu ni la kwanza, isipokuwa unataka momenti (nguvu za kupinda) za upepo zifike kwenye slabu, na hapo ndipo la tatu linapohitajika.

Mwanza_Miamba
Ndugu yangu hapo juu amesema vema kuhusu slabu, ila kuhusu msingi sikubaliani naye. Ukiutenganisha msingi, mizigo ya nguzo inayofika SAFE ilihesabiwa kana kwamba nguzo zote zimesimama juu ya mwamba usiotitia. Ukuta wa lifti ukititia kuliko nguzo za jirani, sehemu ya mzigo wake huhamia kwenye nguzo hizo, na modeli iliyotenganishwa haioni jambo hilo. Ningeliacha jamvi ndani ya ETABS juu ya springi zinazowakilisha udongo unavyobonyea, kisha nipeleke SAFE slabu za juu tu. Vilevile, slabu bapa iandikwe kama sheli (kipande chenye ugumu wa kupinda), kamwe isiandikwe kama membreni, kwa sababu membreni haina ugumu wa kupinda na bila boriti haina namna ya kuufikisha mzigo kwenye nguzo.

Udongo_Kwanza
Mjadala wa programu ni mzuri, lakini namba itakayoamua msingi huu ni ugumu wa springi. Kanuni ya haraka inayotumiwa na wengi ni ya Bowles, mwandishi wa vitabu vya misingi: 40 mara kigezo cha usalama mara uwezo unaoruhusiwa, yaani 40 × 3 × 150, ambayo ni kN 18,000 kwa mita ya ujazo. Kanuni hiyo imejengwa juu ya kutitia kwa milimita 25, wala haijui upana wa jamvi lako.

Sasa tazama inavyobadilisha mambo. Kwa zege lenye E (kipimo cha ugumu wake) ya GPa 28 na springi hizo, kipimo cha ACI 336 (1.75 kugawanya kwa lambda, namba inayolinganisha ugumu wa udongo na wa jamvi; nguzo zikikaribiana kuliko kipimo hicho, jamvi ni gumu) kinatoa takriban mita 5.7 kwa jamvi la milimita 600. Nguzo zako ziko mita 6, kwa hiyo jamvi linahesabika kuwa linalonyumbuka, na kugawa mzigo sawasawa chini yake hakufai. Ukiliongezea unene hadi milimita 800, kipimo kinafika karibu mita 7.1, na jamvi lilelile linahesabika kuwa gumu. Ndiyo maana ningechambua kwa 9,000, kwa 18,000 na kwa 36,000, kisha nondo zichukuliwe kutoka kwenye momenti kubwa zaidi ya kila eneo. Springi hizi, ziitwazo za Winkler, hazishirikiani, kwa hiyo pembezoni ziongezewe ugumu, hata mara mbili ya katikati. Ziwekwe pia zikubali kukandamizwa tu, kwa kuwa mchanga haulivuti jamvi.

Anayejenga juu ya udongo mweusi wa Nairobi asiichukue njia hii kama ilivyo: udongo ule huvimba ukipata maji, na hakuna springi ya kawaida inayobeba habari hiyo.

Kokoto20
Prokon ninaitetea kwa slabu za kawaida, kwa sababu karatasi zake za hesabu husomeka kwa urahisi. Muhimu ni kutochanganya kanuni: BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza, hukagua nguzo kutoboa slabu kwenye mzingo ulio umbali wa 1.5d (d ni kina cha slabu hadi kwenye nondo), Eurocode 2 ya Ulaya kwenye 2d, na kwa misingi Eurocode 2 hutaka pia mizingo iliyo ndani ya umbali huo ikaguliwe.

Njia yoyote utakayochagua, anza na hesabu ya mkono. Slabu yako ina uzito wa kN 5.5 kwa mita ya mraba, na nguzo ya ndani hubeba mita za mraba 36, yaani kN 198 kwa kila slabu kabla ya tabaka la sakafu, kuta na watu. Modeli ikitoa namba iliyo mbali sana na hiyo kwa uzito wa slabu peke yake, usiendelee na nondo hadi ujue sababu.