Upepo umeng'oa mabati, bima wanasema ni uchakavu

Mkazi wa Kilwa: Wakuu, upepo umeezua upande mmoja wa paa, mvua ikaharibu dari. Kampuni inadai misumari ilikuwa imeoza, hailipi. Nianzie wapi?

FundiPaa: Piga picha kwanza, usiguse kitu. Angalia matundu ya misumari: bati lililochanika kuzunguka kichwa cha msumari linaonyesha upepo ulilivuta juu, hasa pembezoni na kwenye kofia, yaani bati la kileleni mwa paa. Msumari ukichomoka una kutu hadi ncha, au papi (mbao inayopigiliwa bati) imeliwa na mchwa, hapo wana hoja. Hifadhi mabati mawili matatu pamoja na misumari yake. Kisha funika kwa turubai na utunze risiti, maana kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wako.

Mama Bima: Soma mkataba. Bima ya moto peke yake mara nyingi haina dhoruba mpaka iongezwe. Kama imo, dai barua ya kukataliwa inayotaja kifungu, na omba TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) taarifa ya upepo wa siku hiyo. Wakigoma, peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila jihadhari: nyumba ya milioni 100 ukiikatia bima ya milioni 60, wanaweza kulipa kwa uwiano huo, hasara ya milioni 10 ukapata 6 tu, na bado wakate mchango wako, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Mkazi wa Kilwa: Na dari?

Mama Bima: Kwa kawaida hulipwa kama upepo ndio uliofungua paa kwanza. Maji yaliyopenya kwenye tundu la zamani, sahau.