Majike wanatupa mimba: nijikinge na nini hasa?

mgani_masasi: Wakuu, kuna banda la nguruwe huku Masasi majike 3 wametupa mimba karibu na kuzaa. Kabla sijaingiza mkono kutoa kondo lililobaki, nihofie nini? Mwenye banda anasema ni homa ya nguruwe.

daktari_wa_zizi: Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, hatari yake ni wewe kuibeba kwa buti hadi banda la jirani. Mimba kutupwa siku za mwisho, mimi nawaza brusela na leptospira, bakteria wanaomwambukiza na binadamu. Hiyo ya pili ndiyo homa ya mgunda iliyotokea Ruangwa. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitaja wagonjwa 20 na vifo 3. Hutoka kwa mkojo na maji ya uzazi, ikapita kwenye michubuko, macho na mdomo. Nguruwe mzima kabisa kwa macho anaweza kuwa anaikojoa.

Vaa glovu ndefu za begani, juu yake fupi za nitraili (ndefu huchanika upesi), aproni, buti na miwani. Miwani ndiyo watu huidharau. Usipige banda kwa mpira wa maji wa nguvu, matone yanaruka usoni. Osha kwa sabuni kwanza, ndipo klorini ya 3.5%, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, iache dakika 10. Ukiimwaga juu ya kinyesi, uchafu unaila nguvu yote. Kondo na vitoto vifukiwe kwa kina, mbwa wasifukue.

wembe_na_uzi: Ongeza ajali za sindano na wembe wa kuhasi. Usirudishie sindano kifuniko. Ukijichoma, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Kidole kikivimba kwa rangi ya zambarau na kuuma sana ndani ya siku 2 hadi 7, fikiria erisipelotriksi, bakteria wa nguruwe anayeingia kwenye jeraha, penisilini huiweza. Ila homa na shingo kukakamaa, au masikio kuziba ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo: streptokoka ya nguruwe, bakteria mwingine, huondoka na usikivu moja kwa moja.

mgani_masasi: Na nikipata homa ya kawaida tu?

daktari_wa_zizi: Leptospira huchukua siku 2 hadi 30. Kipimo cha malaria kikisoma hasi, usirudi nyumbani na panado. Mwambie daktari wazi, "nilishika kondo la nguruwe tarehe fulani", maana asipojua kazi yako hataifikiria. Doksisaikilini (antibiotiki) ya kinga, miligramu 200 kwa wiki, ipo, lakini aiandike yeye, na haichukui nafasi ya glovu.

wembe_na_uzi: Mjamzito asiingie banda hilo kabisa.