Kontrola ya MIDI imeandikwa "CHOMEKA, TUMIA", nimemaliza wiki tatu nasaka namba za vitufe vyake!

Wakuu, nina hasira na nitaandika kirefu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "nianze na kontrola gani". Mimi sianzi. Nina deki mbili za santuri, miksa yenye kadi ya sauti ndani yake, na laptopu inayosoma santuri za taimukodi (santuri zenye mlio maalumu unaoiambia programu ya DJ sindano iko wapi). Mtambo huu naujua hata nikifumba macho, na haujawahi kuniangusha.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Kila nikitaka kurudi kwenye alama ya wimbo (sehemu niliyoitia alama ili niirukie), au kufunga lupu ya mapigo manne, yaani kipande kijirudie, lazima niache santuri niinamie laptopu, nipapase kibodi gizani. Watu wanacheza, mimi nimewapa kisogo. Nikaona dawa yake ni kontrola ndogo ya MIDI, yaani kifaa cha vitufe kinachoiamuru programu ya DJ kwa MIDI, lugha ya vyombo vya muziki: pedi 8 za kubonyeza za alama, nobu 8 za kuzungusha za filta na efekti, feda moja ya kuteleza ya spidi. Ikae katikati ya miksa na deki ya kushoto, basi. Kwenye boksi kuna maneno mawili kwa herufi kubwa: CHOMEKA, TUMIA. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba inaelewana na "programu zote za DJ".

Uongo mtupu.

Nilichomeka, laptopu ikaitambua hapo hapo, hilo sikatai. Vifaa vya MIDI vya USB vinavyofuata kiwango cha pamoja havihitaji dereva (programu ya ziada ya kukiendesha kifaa), na hiki kimefuata. Lakini kutambuliwa na laptopu ni kitu kimoja na kupiga kazi ni kingine. Taa za pedi zote zimezima. Nabonyeza, kimya. Nazungusha nobu, kimya. Nikaingia kwenye programu kutafuta sehemu ya kuifunza MIDI, ile ambayo unabofya kazi unayotaka, kisha unagusa nobu ili programu iishike. Ipo, ila imefifia, haibofyeki! Kumbe toleo nililopewa pamoja na miksa haliruhusu kuongeza kifaa cha pili. Lipia toleo kubwa. Boksi la kontrola halisemi hivyo, boksi la miksa halisemi hivyo. Nikalipa, kwa sababu kifaa nilishakinunua na shughuli ilikuwa wiki inayofuata. Hapo ndipo wanapotunasa.

Sasa nifikie kinachoniuma zaidi. MIDI si siri ya mtu. Januari 1983, kwenye maonesho ya NAMM, ya biashara ya vyombo vya muziki, huko Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, ukibonyeza hiki na kile kinalia. Kampuni hizo mbili zilikuwa zinagombania wateja wale wale. Pamoja na hayo Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland walishikilia kwamba vyombo lazima viongee lugha moja, na lugha hiyo ikaachiwa watengenezaji wote bila kulipia leseni. Mwaka 2013 wote wawili wakapewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Na lugha yenyewe nyepesi! Kontrola haitumi sauti hata kidogo, inatuma namba. Ujumbe wa kawaida ni baiti tatu. Ya kwanza inasema ni tukio gani na liko chaneli ipi kati ya 16. Ya pili inasema kitufe au nobu namba ngapi. Ya tatu ni kiasi, kuanzia 0 hadi 127.

Kitu ambacho kiwango hicho hakisemi ni kwamba pedi ya alama ya kwanza ya DJ iwe namba fulani. Kwenye vinanda kuna mazoea yaliyoandikwa, kwa mfano kidhibiti namba 7 ni ukubwa wa sauti, namba 10 ni kuipeleka sauti kushoto au kulia. Kwetu sisi wa deki kila mtengenezaji anajipangia anavyotaka. Sawa, ajipangie, ila atuambie kapanga nini. Vinanda na mashine nyingi za ngoma za zamani zilikuwa na jedwali nyuma ya kitabu cha maelekezo: kifaa kinatuma nini, kinapokea nini, kwenye chaneli ipi. Ukurasa mmoja tu, unamaliza kila kitu. Hii yangu imekuja na karatasi ya picha nne, mkono unachomeka waya, kisha alama ya vema. Namba hata moja hakuna.

Nikawaandikia waliotengeneza kontrola nikiomba jedwali. Wakajibu kwamba suala la ramani (kitufe kipi kifanye kazi gani) niwaulize wenye programu. Wenye programu wakajibu kwamba kifaa changu hakipo kwenye orodha ya vifaa wanavyovihudumia, niwaulize waliokitengeneza. Nikawarudia wale wa kwanza na barua ya hawa wa pili. Siku tisa kimya, kisha wakanitumia kiungo cha ile ile karatasi ya picha nne. Mtu mzima na pesa yangu napigwa danadana kwa ukurasa mmoja wa namba ambao mhandisi wao anao kwenye kompyuta yake!

Kuhusu taa, kuna jambo wengi hawalijui. Kwenye kontrola nyingi pedi haijiwashi yenyewe. Ukiibonyeza inatuma ujumbe kwenda kwenye programu, na programu ndiyo inayorudisha ujumbe wa kuiwasha, na kile kiasi cha mwisho ndicho kinachochagua rangi. Kwa hiyo bila jedwali unaweza ukafanikiwa kuifunza pedi kazi yake na bado ikabaki nyeusi. Nilikaa na daftari usiku mzima. Nikatuma 1, nikaandika rangi. Nikatuma 2, nikaandika rangi. Mpaka 127. Nyekundu ilikuwa kwenye 5, na kijani sikukiona mpaka 21. Kazi hiyo mtengenezaji angeimaliza kwa mistari kumi kwenye karatasi, akaona heri nikeshe mimi.

Haya, twende kwenye shughuli yenyewe. Saa ya watu kukolea, wimbo uko deki ya kulia, ukumbi umejaa. Nikabonyeza kitufe cha efekti cha kwenye miksa, kitufe nilichokibonyeza mara elfu. Wimbo ukaruka ukarudi mwanzoni. Ukimya wa kuanzia, yale mapigo matupu ya utangulizi, watu wamesimama mikono juu wananitazama. Nikadhani sindano imeruka, nikaikagua. Nikabonyeza tena, wimbo ukarudi mwanzoni tena. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nianze kazi hii.

Nyumbani nikafungua programu ya kuchungulia ujumbe wa MIDI, na jibu likaonekana ndani ya dakika mbili. Miksa yangu nayo inatuma MIDI. Kitufe kile cha efekti kinatuma noti 36 (noti ndiyo namba ya kitufe) kwenye chaneli 1. Na pedi ya kwanza ya kontrola mpya, kama zilivyo pedi nyingi, inatuma noti 36 kwenye chaneli 1. Programu ilikuwa inasikiliza milango yote kana kwamba ni mlango mmoja, kwa hiyo haikujua nani kasema. Kwake yeye nilikuwa nimebonyeza pedi ya alama ya kwanza, yaani mwanzo wa wimbo. Chaneli ziko 16, wote wawili wakarundikana kwenye ya kwanza!

Tiba yake ni kuihamisha kontrola kwenda chaneli nyingine, tuseme ya 5. Kuna vifaa ambavyo unashikilia kitufe, unagusa pedi, umemaliza. Hii yangu inataka programu yake maalumu ya kompyuta. Nikaipakua. Haifunguki kwenye mfumo mpya wa laptopu yangu, na hawajaisasisha. Mwishowe nikaazima laptopu kuukuu ya jamaa yangu, nikabadilisha chaneli humo, nikairudisha kontrola kwangu. Fikirini mtu asiye na jamaa mwenye laptopu kuukuu.

Nobu za filta nazo ni hadithi. Deki ya kushoto nimefunga filta kwa kipanya, nobu kwenye kontrola iko katikati. Nikiigusa tu, filta inaruka ghafla mpaka pale nobu ilipo, na spika zinapiga mshindo. Hii ina suluhisho la siku nyingi: programu isubiri mpaka nobu ipite kwenye thamani iliyopo ndipo ianze kuifuata. Kwenye programu yangu chaguo hilo lipo, ila limezimwa na limefichwa ndani ya menyu ya tatu. Kwa nini lizimwe? Nani duniani anataka sauti iruke mbele ya watu?

Feda ya spidi ndiyo iliyonimaliza kabisa. Inatuma zile hatua 128 tu. Kwa masafa ya asilimia 8 juu na 8 chini, kila hatua ni kama asilimia 0.126. Ukihitaji spidi iliyo katikati ya hatua mbili umekosea kwa asilimia 0.063, na ndani ya dakika moja nyimbo mbili zimeshapishana karibu milisekunde 38. Sikio lolote la DJ linasikia hapo ngoma mbili badala ya moja. Na hakuna aliyewakataza kufanya vizuri! MIDI hiyo hiyo ya 1983 inaruhusu kuunganisha ujumbe wa vidhibiti viwili kuwa biti 14, unapata hatua 16,384, na kontrola nyingi za DJ zinafanya hivyo kwenye feda ya spidi. Wameweka feda ndefu nzuri, ndani yake wameweka ngazi. Nimeikata kwenye ramani, naendelea na feda za deki zangu.

Wiki iliyopita programu ikajisasisha. Ramani yote, pedi, rangi, chaneli, ikafutika. Nilikuwa nimeihifadhi pembeni, namshukuru Mungu, lakini toleo jipya likakataa kulifungua faili la toleo la zamani. Faili lenyewe huwezi hata kulisoma kwa macho ukajua ndani kuna nini. Tazameni Mixxx, programu ya bure kabisa: ramani zake ni mafaili ya XML na JavaScript, unayafungua kwa kihariri cha kawaida, unaona pedi ipi imepewa noti ipi, unabadilisha mwenyewe, unampa mwenzako. Watu wanaofanya kazi kwa kujitolea wameweza. Niliowalipa mimi wameshindwa.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu:

Mnaosema ninunue kontrola moja kubwa yenye kila kitu niachane na santuri, hamjaelewa uzi. Mtambo wangu haukuwa na kasoro. Nimeongeza kitu kimoja kidogo juu yake na ndicho kilichouvuruga.

Mkuu uliyeuliza kuhusu umeme, ndiyo, nilipima. Mlango wa USB 2.0 unatoa milliampea 500, na habu (kile kigawanyo cha milango ya USB) isiyo na chaja yake inagawana hizo hizo kwa vifaa vyote vilivyochomekwa. Nikiwasha rangi zote kwa mwanga wa juu kupitia habu ya hivyo, kontrola inakatika na kurudi. Nimehamia habu yenye chaja, hilo limetulia. Na aliyesema programu ya kuchungulia MIDI haioni kitu kwake, funga kwanza programu ya DJ. Kuna mifumo ya kompyuta ambayo mlango wa MIDI ukishashikwa na programu moja, nyingine haiupati.

Ndugu unayesema "ni uzembe wako, ungejaribu kabla ya shughuli": nilijaribu siku nne. Nilijaribu pedi, nobu na feda za kontrola. Sikufikiria kujaribu kitufe cha miksa ambacho sijakigusa mpangilio wake kwa miaka, na wewe usingefikiria.

Lile daftari la rangi nimeliandika upya, noti za pedi zote 8, vidhibiti vya nobu zote 8, na rangi kutoka 1 hadi 127. Liko kwenye posti ya pili hapo chini, chukueni. Na mwenye kontrola ya pedi na nobu ambayo kitabu chake kina jedwali la MIDI, naomba aniwekee picha ya ukurasa huo. Sihitaji kuambiwa kifaa ni kizuri, nataka kuuona ukurasa kabla sijatoa hela tena.